Mwani hutoa gesi nyingi zaidi mchana au usiku? Swali lililonishinda darasani

Mwalimu wa Mashariki aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi hufundisha kemia katika shule ya sekondari upande wa mashariki wa Unguja, na nimekwama katika jambo ambalo nilidhani ni jepesi. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima wa mwani. Wiki iliyopita nilikuwa nawaeleza kwamba mwani, kama mimea ya nchi kavu, hutengeneza kampaundi zake kwa nishati ya jua, na kwamba baadhi ya kampaundi hizo huvukiza na kuingia hewani. Msichana mmoja akanyanyua mkono, akasema kwamba yeye na mama yake hushuka pwani usiku wa bamvu (siku zile maji yanapopwa sana) kwa taa kuokota chaza na kutafuta pweza, na kwamba harufu ya pwani usiku ni kali kuliko ya bamvu la mchana. Ikiwa jua ndilo linalotengeneza, aliuliza, mbona giza ndilo linalonuka?

Nilijibu harakaharaka kwamba huenda ni upepo tu. Nilirudi nyumbani sina raha na jibu hilo.

Kesho yake nilichukua chupa nne za kioo za lita moja moja, nikazijaza maji ya bahari hadi juu, nikatia katika kila chupa konzi ya spinosamu, aina ya mwani mwekundu unaolimwa huku, iliyotoka kukatwa kambani. Mbili niliziacha juani barazani, na mbili nikazifunga kwa karatasi ya aluminiamu na kuziweka ndani ya kabati la maabara. Baada ya saa sita tulizifungua na kunusa. Za kabatini wengi walisema zinanuka kama kabichi iliyochemshwa ikapitiliza. Za juani zilituchanganya, kwani baadhi hawakusikia kitu na wengine walisikia harufu tamutamu ya dawa. Je, mwanga hutengeneza gesi hizi au huzitoa tu nje ya mwani? Na kuna namna yoyote ya kulionyesha jambo hili kwa vifaa vya shule, bila zile mashine za kuchambulia gesi ambazo hatutazipata?

Mkemia wa Hewa alijibu:

Mwalimu, swali la huyo binti ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu neno «harufu» hapa limebeba kampaundi kadhaa ambazo kikemia hazina udugu wa karibu, na kila moja ina saa yake.

Nianze na ile ya kabichi. Hiyo bila shaka ni dimethili salfaidi. Miani mingi, pamoja na vijimea vidogo vinavyoelea baharini, hutunza ndani ya seli kampaundi ya salfa ijulikanayo kwa kifupi kama DMSP. Seli ikijeruhiwa, ikitafunwa na konokono au ikifa, kimeng'enya huikata kampaundi hiyo na dimethili salfaidi hutoka. Gesi hii huchemka kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, yaani joto la mwili wa binadamu, na pua ya mtu huisikia hata ikiwa chembe chache mno hewani. Mwani wa kijani mwembamba kama jani la saladi, unaojishika kwenye kamba na vigingi vya mashamba yenu, huwa na akiba kubwa ya DMSP, kwa hiyo usishangae ikiwa kilichonuka kabatini si spinosamu yenyewe bali vipande vya mwani huo vilivyoingia pamoja nayo na kuanza kuoza.

Sasa kuhusu usiku. Kwenye hewa ya bahari kuu iliyo mbali na miji, dimethili salfaidi hufikia kiwango chake cha juu karibu na alfajiri na kushuka kadiri jua linavyopanda. Vipimo vilivyofanywa Kiritimati, katikati ya Bahari ya Pasifiki, vilionyesha hivyo waziwazi: gesi hii ikipungua mchana, salfa dayoksaidi inayotokana nayo huongezeka. Bahari haikuwa imeacha kutoa gesi mchana. Kilichotokea ni kwamba mwanga wa jua huzalisha hewani redikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vinavyoshambulia gesi nyingine upesi, nazo huila dimethili salfaidi; jua likizama, ulaji huo husimama na gesi hujikusanya. Aliyebadilika ni mlaji, si mpishi.

Hata hivyo nisikupotoshe. Ulaji huo huchukua muda wa karibu siku nzima kumaliza shehena, ilhali mwanafunzi wako amesimama hatua chache tu kutoka kwenye mwani. Kwa umbali huo, utulivu wa hewa una nguvu kuliko kemia yake: mchana ardhi yenye joto huichanganya hewa na upepo wa bahari huipeleka, na usiku hewa ya chini hupoa na kutuama. Kwa hiyo jibu lako la upepo halikuwa la kuona haya. Ulikosea tu kuliita «tu».

Zipo gesi ambazo kemia huzimaliza kabla upepo haujazigusa, na mfano ulio bora ni wa Ireland. Katika kituo cha Mace Head, pwani ya magharibi ya nchi hiyo, watafiti waliona kwamba maji yakipwa mchana na mwani mkubwa wa kahawia kubaki wazi, hewa hujaa ghafla chembechembe ndogo mno zinazozaliwa papo hapo. Chanzo ni iodini. Mwani uitwao *Laminaria digitata* hulimbikiza iodini hadi karibu asilimia 1 ya uzito wake mkavu, na unapoachwa hewani huitoa ikiwa molekuli kamili. (Bernard Courtois aliigundua elementi hiyo mwaka 1811 kutokana na majivu ya mwani, kwa hiyo udugu huo ni wa zamani.) Mwanga wa mchana huivunja molekuli ya iodini kwa muda wa sekunde tu, na atomu zake zikikutana na ozoni ndipo zile chembe huzaliwa. Ndiyo maana walipopima iodini yenyewe hewani, waliikuta nyingi usiku kuliko mchana. Mtu angeangalia namba hizo peke yake angeapa kwamba mwani huo ni wa usiku.

Ile harufu tamutamu ya chupa za juani nadhani ni bromofomu, kampaundi ya bromini inayovukiza, lakini hiyo nawaachia watu wa baiolojia. Nakuomba jambo moja: wanafunzi wasinuse tena mdomoni mwa chupa. Bromofomu ni sumu ya ini ikizidi, na ingawa ya kwenye chupa yako ni kidogo sana, si desturi njema ya maabara.

Bi Mkubwa wa Kamba alijibu:

Mwalimu wangu, mimi si mtu wa kemia ila nimelima mwani tangu kilimo hiki kilipokuwa kigeni kwetu, na kuna jambo ninyi wasomi mmelipita. Huku kwetu bamvu lina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hupwa tena saa hizo hizo usiku. Halipwi alfajiri wala magharibi. Maji mafu ndiyo hupwa jioni, na siku hizo mwani hauonekani, kwa kuwa maji hayatoki ya kutosha. Kwa hiyo mwani wetu huanikwa mara mbili kwa siku moja ya bamvu, mara moja jua likiwa kali na mara moja gizani.

Hilo la usiku haliudhuru mwani. Linaloudhuru ni la mchana, na hasa siku ambayo hakuna upepo, maji yamebaki ya magotini, yamesimama na yamechemka. Ukitia mkono ndani unasikia utelezi, na vipovu vidogo vimejaa kwenye matawi. Baada ya siku mbili tatu za namna hiyo ncha huanza kuwa nyeupe, kisha tawi hukatika penye tai-tai (kiuzi cha kufungia mwani kambani) na kwenda na maji. Kama mnatafuta saa ambayo mwani hutoa kitu, itafuteni hapo, si kwenye pua ya mtu anayesaka pweza.

Mfuatiliaji wa Bahari alijibu:

Bi Mkubwa ameeleza kwa macho yake kile ambacho maabara ilikithibitisha kwa mwani huo huo na katika nchi hii hii, na ningependa Mwalimu awaambie wanafunzi wake hivyo. Mwaka 1995 Matern Mtolera, pamoja na wenzake akiwemo Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti kutoka Sweden, walichapisha kazi kuhusu *Eucheuma denticulatum*, ambayo ndiyo spinosamu. Walionyesha kwamba mwani huu ukipata mwanga mkali, ukawa katika maji ambayo pH yake (kipimo cha asidi na besi) imepanda, au ukashindana na spishi nyingine, hutoa haidrojeni paroksaidi kwa kiasi kinachoweza kuuharibu wenyewe. Mwaka uliofuata walitoa kazi ya pili iliyoonyesha kwamba mfadhaiko huo huo, wa mwanga mkali na pH kubwa, huufanya utengeneze kampaundi zinazovukiza zenye halojeni, yaani elementi za jamii ya bromini na iodini.

Mnyororo wake ni huu. Mwani unaposanisi chakula kwa mwanga, huchota kaboni dayoksaidi kutoka kwenye maji. Maji yakiwa yanatembea, kaboni hurudishwa. Yakisimama, kama katika lile dimbwi la magotini, kaboni hupungua na pH hupanda kutoka karibu 8.1 ya kawaida hadi kupita 9. Hapo mwani umebanwa, kwa sababu jua bado linasukuma elektroni ndani ya seli lakini kaboni ya kuzipokea haipo. Elektroni hizo huishia kwenye oksijeni, ambayo nayo ni tele kwa wakati huo (vile vipovu vya Bi Mkubwa ndivyo oksijeni yenyewe), na matokeo yake ni haidrojeni paroksaidi. Ni sumu, na lazima iondolewe upesi. Mwani mwekundu una vimeng'enya, vingi vikiwa na vanadiamu ndani yake, vinavyoitumia paroksaidi hiyo kuoksidisha bromaidi, yaani bromini iliyo katika chumvi ya bahari, na bromaidi haiwezi kukosekana kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina takribani miligramu 65. Bromini inayoamka hapo hushika kampaundi za kaboni zilizo karibu, na mwisho wa safari hutoka bromofomu, dibromomethani na jamaa zao.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwa kampaundi za bromini mwanga hutengeneza kweli, lakini kwa kuzunguka: jua huleta paroksaidi, na paroksaidi huleta bromofomu. Usiku mwani hautulii kabisa, kwa kuwa seli hupumua na upumuaji nao huzalisha paroksaidi kidogo, na jeraha la kisu au jino la samaki huamsha vimeng'enya hivyo saa yoyote. Ndiyo maana wanaopima gizani bado hukuta bromofomu, ila pungufu. Isoprini, gesi nyingine itokayo kwenye mwani, ni tofauti. Hiyo hufuata mwanga karibu moja kwa moja, na katika giza uzalishaji wake hukaribia kukoma.

Lipo pia suala la saa ya ndani, ambalo wengi hulichanganya na mwanga wenyewe. Vijimea vya baharini vina saa halisi mwilini. Katika miaka ya 1950, Beatrice Sweeney na Woodland Hastings walichunguza kijimea kinachong'aa usiku, ambacho siku hizi huitwa *Lingulodinium*, wakaona kwamba hata kikiwekwa katika mwanga hafifu usiobadilika kiliendelea kung'aa kwa mzunguko wa karibu saa 24, kana kwamba kinajua kuwa nje kumekucha. Hivyo ukiona gesi fulani inapanda mchana na kushuka usiku, bado hujui kama ni mwanga wa leo unaoiamrisha au ni saa iliyopangwa na mianga ya siku zilizopita. Njia ya kutenganisha ni ile ile ya Sweeney na Hastings, yaani kuuacha mwani kwenye mwanga wa kiwango kimoja kwa siku kadhaa na kutazama kama mzunguko unabaki.

Kuhusu jaribio lako, nitasema bila kupamba: chupa zako hazikulinganisha mwanga na giza. Zililinganisha chupa ya moto yenye maji yaliyokwisha kaboni na chupa ya baridi yenye mwani unaokosa hewa. Zitie zote nne katika beseni moja la maji nje, ili joto liwe moja, mbili zikiwa zimevikwa aluminiamu. Ongeza ya tano yenye maji matupu na ya sita yenye mwani uliochemshwa. Osha mwani kwanza na uondoe ule wa kijani. Halafu achana na pua. Kabati lako la maabara lina fenolfthalini, ambayo haina rangi kwenye maji ya kawaida ya bahari na huanza kuwa ya waridi pH ikipita 8.2 hivi. Mimina maji kidogo kutoka kila chupa kwenye bika, dondosha matone mawili, na utazame. Hutakuwa umepima bromofomu, lakini utakuwa umekiona kile kinachoiita.

Mkemia wa Hewa alijibu:

Naunga mkono, na ninamwomba Bi Mkubwa radhi, kwani ni kweli niliipita saa ya maji. Ratiba hiyo ya bamvu ni zawadi kwa mtafiti. Kwenye pwani yetu bahari yenyewe imepanga jaribio: kina kile kile cha maji na mwani ule ule, mara moja chini ya jua linalokaribia utosi na tena baada ya saa kumi na mbili gizani. Tofauti itakayopatikana kati ya mara hizo mbili ni ya mwanga na joto, si ya maji kupwa.

Niongeze jambo kwa wale walioniandikia faraghani wakiuliza kama mashamba ya mwani yanatoboa ozoni. Bromofomu huishi hewani kwa wiki mbili hadi nne, na katika nchi za tropiki mawingu makubwa ya mvua huweza kuipandisha juu sana kabla haijavunjika, ndiyo sababu imefuatiliwa hata kwenye mwani unaolimwa Malaysia. Ni ya asili kwa sehemu kubwa, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 hauidhibiti. Inastahili kupimwa, lakini mtu asimwendee mkulima na kumwambia kamba zake ni hatari.

Mwalimu wa Mashariki alijibu:

Nawashukuru sana, na namshukuru Bi Mkubwa kwa namna ya pekee. Wanafunzi walipomsikia waliguna kwa furaha, maana maneno hayo huyasikia nyumbani na hawakudhani yana nafasi kwenye somo la kemia.

Tulirudia jaribio siku ya Jumamosi kwa chupa sita ndani ya beseni moja, kuanzia saa tatu asubuhi. Saa saba tulimimina na kudondosha. Maji matupu yalibaki meupe, ya mwani uliochemshwa yalibaki meupe, na ya chupa zilizovikwa aluminiamu yalikuwa meupe pia. Yale ya chupa mbili za juani yaligeuka ya waridi iliyokolea kiasi kwamba darasa zima lilinyamaza. Yule msichana akauliza swali jingine ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: tukizifunika sasa hivi hizo za juani, je, maji yake yatarudi kuwa meupe? Tulizivika aluminiamu tukaziacha hadi kesho yake asubuhi. Maji tuliyomimina safari hiyo yalipata waridi hafifu mno, ambayo ilionekana pale tu bika lilipowekwa juu ya karatasi nyeupe.

Nimemweleza kwamba usiku mwani ulipumua na kuyarudishia maji kaboni dayoksaidi. Sina hakika kama nimesema sawasawa.

Mfuatiliaji wa Bahari alijibu:

Umesema sawasawa. Ongezea tu kwamba ndani ya chupa iliyofungwa bakteria nao walipumua, kwa hiyo sehemu ya marejesho hayo si ya mwani. Chupa yako yenye mwani uliochemshwa isingekuonyesha hilo kwa matone hayo, kwa kuwa maji yake yalikuwa meupe tangu mwanzo.

Bi Mkubwa wa Kamba alijibu:

Mwambie huyo binti bamvu lijalo ashuke na chupa mbili, ajaze moja dimbwini saa tano mchana na nyingine dimbwi lile lile saa tano usiku, kisha akuletee udondoshe hayo matone yako. Zijazwe hadi juu na zifungwe vizuri. Ile ya mchana aichote katikati ya kamba, mahali maji yalipotuama, asiichote ukingoni ambako mkondo unapita, la sivyo mtapata maji ya bahari kuu na mtasema nimewadanganya.